Shemeji Redio na Mtoto wa Kifuani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni kinyozi, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Redio. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajakufunga shuka shingoni ameshakupa matokeo ya mpira, habari za jirani aliyehama na maoni yake kuhusu bei ya sabuni. Mashine ya kunyolea inaunguruma, naye anaunguruma juu yake. Wapo wateja wanaokuja hata nywele hazijaota vizuri, wanadai wanapunguza ndevu, kumbe wamefuata soga tu.

Mama yetu hakumpenda sana hapo mwanzo. Siku alipoletwa nyumbani kujitambulisha, Mama alimvuta dada jikoni akamwambia, "Ukiolewa na huyu hutanunua redio maisha yako yote, ila ujue hii haina mahali pa kuzimia." Dada alicheka, akaolewa naye hivyo hivyo.

Dada anafanya kazi kwenye tanuri la mikate. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba siku alipokuwa akipanga mikate kwenye trei, kichwa kikaanza kumgonga na macho yakaona nyota. Alijaribu kujikaza, kama kawaida yake, lakini miguu ilikuwa imevimba hata viatu vimemkataa. Wenzake wakamkimbiza hospitali na aproni yake mwilini, unga mpaka kwenye nyusi. Presha ilikuwa imepanda mno. Daktari alimwambia shemeji bila kuzunguka kwamba mtoto lazima atolewe sasa hivi, la sivyo tungewakosa wote wawili.

Mtoto alitoka hai. Dada alipoteza damu nyingi, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, na mtoto akapandishwa ghorofa ya juu, kwenye wodi ya watoto njiti, yaani wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao. Tulimwona kupitia kioo. Alikuwa mdogo kiasi kwamba kofia ya soksi ilimfika kidevuni, na ngozi yake ilionyesha kila mshipa. Mama alitazama, akasema, "Jamani, huyu ni punje." Jina likamganda. Mpaka leo ni Punje.

Wodi ile ilikuwa chini ya nesi mmoja mnene, mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Kila mtu alimwita Sista. Alimtazama shemeji aliyekuwa amesimama mlangoni kama mwizi, akamwita.

"Baba Punje, njoo ukae hapa. Vua shati."

"Shati, Sista?"

"Ndiyo, shati. Mtoto anahitaji joto na mama yake hawezi kwa sasa. Tutamlaza kifuani kwako, ngozi kwa ngozi."

"Lakini Sista, mimi mwanaume. Hata titi sina."

"Nimekuomba kifua," Sista akasema. "Titi sijakuomba."

Wale akina mama waliokuwa wamekaa na watoto wao vifuani walicheka mpaka wakashika vidonda vya upasuaji. Shemeji akavua. Sista alimweka Punje wima katikati ya kifua chake, akiwa na nepi na kofia tu, akamgeuza shingo kidogo ili apumue vizuri, kisha akawafunga wote wawili kwa kitambaa kipana. Akaondoka kuhudumia wengine.

Nilipopanda baadaye na chai nilimkuta shemeji amekaa wima kama nguzo. Hakusema neno. Nilimuuliza kama anataka sukari zaidi, akanijibu kwa nyusi. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku yote ile. Mtu huyu tulikuwa tukimwomba anyamaze kwenye misiba, leo amepigwa bubu na kiumbe kisichojaza viganja viwili.

Sista naye aliliona hilo.

"Wewe si ndiye wanakuita Redio? Betri zimekwisha?"

"Naogopa, Sista," alinong'ona. "Hata pumzi yangu naiona kubwa kwake."

"Sauti yako anaijua tangu akiwa tumboni. Zungumza naye, ila polepole."

"Nimwambie nini? Hajui mpira, hajui siasa."

"Kwani wateja wako wanajua?"

Shemeji akacheka kwa mara ya kwanza. Kifua kikatikisika, na Punje akatikisika pamoja nacho, akakunjua vidole. Shemeji akainamisha kichwa. "Karibu, mteja," akasema kwa sauti ndogo kabisa. "Pole na safari. Umekuja mapema, duka tulikuwa bado hatujafungua, lakini kaa, kaa tu. Leo tunanyoa mtindo gani?" Punje alishika nywele za kifua chake akavuta. "Sista! Kinyozi ananyolewa!"

Basi, ndiyo ikawa kazi yake. Asubuhi alikaa na Punje kifuani, mchana mimi nilimpokea zamu akaenda kufungua duka. Mama alikataa katakata kushika zamu. Alisema yeye amelea watoto watano kwa blanketi na hakuna aliyeganda. Alikuja tu kutazama na kukosoa. "Mtoto mchanga haongeleshwi kama mtu mzima," alimwambia mkwewe. "Atatoka na domo kama lako." Shemeji akajibu kwa heshima, "Ndiyo, Mama," halafu akageuka akamweleza Punje kwamba bibi yake anampenda sana ila leo kiatu kinambana.

Dada alipopata nafuu alipandishwa kwenye kiti cha magurudumu kumwona mwanawe. Alikuwa amejitengeneza, amechana nywele, amepaka mafuta usoni. Sista alimwekea Punje kifuani. Mtoto akakunja uso, akalia kilio chembamba kisichokwisha. Dada alimbembeleza, akamgeuza, akaomba msaada kwa macho. Wote tukadhani tunafanya wema tulipomrudisha kwa baba yake, naye akanyamaza palepale. Watu wakacheka, "Ameshamzoea Redio huyu!" Dada naye alitabasamu, lakini tabasamu lile halikufika machoni.

Walirudi nyumbani Punje alipoanza kunyonya vizuri na kuongeza uzito. Nilihamia kwao kusaidia. Nyumba ilikuwa na chumba, sebule na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na dada alikaa akilitazama dirisha lile. Alimnyonyesha mtoto, akamwosha, akambadilisha nepi, kila kitu kikawa safi, kisha akampa mumewe kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Hakumwimbia. Hakumwita jina. Siku moja nilimwambia, "Dada, mtazame anavyokutafuta kwa macho," akanijibu, "Anamtafuta baba yake."

Mama alimwambia ajikaze. Majirani walisema mume anaye, mtoto anaye, sasa analia nini? Shemeji, maskini, alifanya alichokijua. Alizungumza. Aliingia mlangoni akizungumza, akala akizungumza, akatoa vichekesho vya dukani mpaka mimi nikavunjika mbavu, na dada akainuka taratibu akaenda kulala.

Wakati wa kutoka hospitali Sista alikuwa ametuambia juu ya kikundi cha malezi kwenye kliniki ya mtaani kwetu. Wazazi wenye watoto wadogo hukutana kila Jumatano, bila malipo, na kuna mwezeshaji anayewafundisha na kuwatembelea majumbani. Dada alikataa kwenda. Shemeji akamfunga Punje kifuani, akavaa koti lake la kinyozi juu yake, akaniambia nimsindikize maana anaona haya kidogo.

Kikundi kilikaa kwenye mikeka nyuma ya chumba cha chanjo. Wanawake watupu. Mmoja akasema kwa sauti, "Kaka, umekosea njia. Mkutano wa wanaume uko ofisi ya mtaa."

"Sijakosea, dada zangu," shemeji akasema. "Mtoto ndiye amenileta. Mimi nimembeba tu."

Wakasogea, wakampa nafasi. Mwezeshaji alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, waliyemwita Mama Makopo kwa sababu kila anakokwenda anabeba mfuko wa makopo, vifuniko vya chupa, vipande vya vitambaa na masanduku ya karatasi, vitu vya kuchezea alivyotengeneza mwenyewe. Aliwaambia wazazi kwamba akili ya mtoto inajengwa zaidi katika miaka hii ya mwanzo, na kwamba haijengwi kwa vitu vya gharama. Inajengwa kwa kutazamwa, kuguswa, kuzungumzishwa na kujibiwa. Kisha akamwomba kila mzazi azungumze na mwanawe kidogo, yeye atazame.

Shemeji akaona hapo ndipo nyumbani. Akampakata Punje uso kwa uso, akaanza. Akamweleza kikundi ni nini, mkeka umefumwaje, yule mama mwenye kilemba chekundu amekaaje. Wanawake wakawa wanacheka, naye akanogewa. Nilitegemea atapongezwa.

Mama Makopo akamgusa bega. "Baba, sauti yako ni nzuri na mtoto anaipenda. Lakini unahutubia. Ametaka kukujibu, na tena akataka, wewe umempita kama gari moshi."

"Kunijibu? Huyu?"

"Mtazame mdomo. Sema neno moja, halafu ngoja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka zamu yake iishe."

Redio kungoja! Niliuma mdomo nisicheke. Akasema, "Punje." Akafunga mdomo. Niliona jinsi maneno yalivyomjaa mashavuni, jasho jembamba likamtoka. Punje alimkazia macho, akachezesha ulimi, akapanua mdomo, na baada ya kitambo akasema, "Aaa." Mkeka mzima ulipiga makofi. Shemeji alikaa pale kama mtu aliyepigiwa simu na mtu mkubwa. "Amesema," alinieleza njia nzima. "Shemeji, umemsikia? Kumbe muda wote alikuwa na lake."

Sijui kama ni neno lile lilimkaa moyoni, lakini jioni ya siku kadhaa baadaye alirudi mapema kutoka dukani. Nilikuwa nakunja nepi. Dada alikuwa kitandani, uso dirishani, na mlango wa chumba ulikuwa wazi. Shemeji alikaa chini, mgongo kwenye kitanda, akauliza, "Mke wangu, una nini?"

Nilisubiri kichekesho kifuate. Hakikufuata. Aliuliza hilo tu, akangoja. Chai niliyowapelekea ilipoa ikaweka utando. Nje watoto wa jirani walimaliza mchezo wao wakaitwa kuoga. Shemeji hakujitikisa.

"Namwogopa," dada akasema hatimaye.

Shemeji akaendelea kungoja.

"Tumbo langu lilishindwa kumtunza. Wewe ndiye uliyemaliza kazi. Nilipomshika alilia, kwako akanyamaza. Kila nikimtazama naona anajua kwamba mimi ndiye niliyemtoa kabla hajaiva."

Nilidhani shemeji atamrukia na maneno ya kumtuliza. Alilia. Alilia bila sauti, mabega yakimcheza, na dada akashuka kitandani akakaa naye sakafuni. Mimi nikachukua nepi zangu nikatoka.

Kesho yake Mama Makopo alikuja nyumbani. Mama yetu alikuwepo, akampokea kwa uso wa kesi. Mama Makopo alisalimia kwa adabu, akavua viatu, akaenda kukaa karibu na dada. Hakumtazama hata mtoto.

"Kidonda chako kinaendeleaje? Unalala?"

Dada akamtazama. "Mtoto hajambo," akajibu.

"Nimefurahi. Lakini sijauliza mtoto. Huyo watu wote wanamuuliza. Nimekuja kukuuliza wewe."

Basi dada akafunguka. Mama Makopo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza, na sisi tukasikia, kwamba huzuni ya namna hii huwapata wanawake wengi baada ya kujifungua, hasa waliopita katika hatari kama yake. Ni ugonjwa, una matibabu, na mtu haupati kwa uvivu wala kwa kukosa shukrani. Mama akainamisha macho. Hospitalini kuna mshauri, Mama Makopo akasema, na atampeleka yeye mwenyewe. Alimpeleka kweli. Dada alitumia dawa kwa muda na akaenda kwa mshauri yule kila wiki, na Mama Makopo alikuwa akimpitia nyumbani asije akapotelea njiani.

Lakini kabla hajaondoka siku ile alisema, "Sasa mama, kifua chako bado kipo na mtoto bado mdogo. Hujachelewa chochote." Akamsaidia kufungua vifungo, akamweka Punje.

Punje akalia. Shemeji aliinuka kama amechomwa na sindano. Mama naye akanyoosha mikono. Mama Makopo akatuzuia wote. "Mwacheni. Halii kwa kukukataa," akamwambia dada. "Anakueleza jambo. Mjibu."

"Nimjibu nini?"

"Lolote unalolijua."

Dada akafikiri. Akaanza, "Kwanza tunachekecha unga." Akapumua. "Unga tunachekecha ili usiwe na mabonge. Halafu hamira tunaiweka kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto, ya moto yanaiua." Mkono wake ulikuwa ukimpapasa Punje mgongoni, ukibonyeza na kuachia, kama anakanda. "Halafu tunakanda. Tunakanda mpaka uwe laini. Halafu tunafunika, tunauacha uumuke, hatuuharakishi." Kilio kikapungua, kikawa kikwikwi, kikaisha. Alipofika kwenye tanuri mtoto alikuwa amelala, shavu kwenye ngozi ya mama yake. Dada aliendelea hivyo hivyo. Aliutoa mkate, akaupoza, akaukata, akaupaka siagi, na sisi wote tulikaa tukila mkate ule kwa masikio.

 Wiki iliyofuata nilimkuta Mama uani anachambua mchele, Punje amelazwa kwenye mkeka mbele yake, anamweleza jinsi wauza vitunguu walivyoharibika siku hizi. Aliponiona akasema, "Nilikuwa najisemea." Kisha akamgeukia Punje akangoja ajibu.

Haikuwa mteremko tangu hapo. Punje alichelewa kukaa, akachelewa kusimama. Watoto aliozaliwa nao mwezi mmoja walikuwa wakikimbia huku yeye bado anajikokota kwa makalio. Mama Makopo alitufundisha kuhesabu umri wake tangu siku aliyopaswa kuzaliwa, roho zetu zikatulia kidogo, na akatuonyesha mazoezi ya miguu kwa blanketi lililoviringishwa. Macho yake yalikuwa dhaifu, daktari akampa miwani ya kufungwa kwa utepe nyuma ya kichwa. Alifanana na rubani. Maneno, hata hivyo, yalikuja mapema na hayakukatika.

Kutembea alianzia dukani kwa baba yake. Nilikuwa nimempeleka pale, ameshikilia ukingo wa benchi la wateja. Shemeji alikuwa amefika katikati ya kichwa cha dereva mmoja wa lori, upande mmoja umenyolewa, upande mwingine msitu. Punje akaachia benchi. Shemeji akaacha kichwa.

"Fundi! Nusu yangu!" dereva akalalamika.

"Tulia wewe, mtoto anatembea!"

Dereva akageuka na shuka lake shingoni, na nusu yake, akaona, akaanza kupiga makofi kuliko sisi. Punje alipiga hatua zake chache akakaa chini kwa kishindo. Mtu akatumwa mbio kwenye tanuri la mikate, maana dada alikuwa ameshaanza tena kazi. Alikuja akihema, unga mikononi mpaka kwenye viwiko, akasimama mlangoni. Tukamsimamisha Punje tena. Shemeji alikuwa amechuchumaa karibu naye, mikono wazi, anamwita. Punje alimtazama kupitia miwani yake, akampita, akaenda moja kwa moja mlangoni akajitupa kwenye aproni ya mama yake.

Shemeji alibaki mikono wazi. Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kupitwa.

Sasa kikundi kina akina baba, wanatosha mkeka mzima. Siku ambayo duka limefungwa shemeji hupanda wodi ya njiti kukaa na wanaume wanaoambiwa wavue mashati, na Sista anasema kazi yake kubwa ni kumpunguzia sauti. Dada naye ndiye anayetumwa na Mama Makopo kwa wanawake waliokaa wakitazama madirisha. Haendi na maneno mengi. Anawaambia, "Mimi nilikuwa hapo ulipo. Niliumwa, nikatibiwa, nikapona. Kesho nakupitia, twende wote."

Mwaka huu Punje ameanza shule ya chekechea. Siku ya kwanza, tulipomchukua, dada alitaka tupite hospitalini kumshukuru Sista, maana shemeji humwona mara nyingi lakini yeye hakuwahi kumshukuru kwa kinywa chake. Alikuwa amebeba mikate miwili kutoka kazini, bado ya moto. Sista alikuwa na mtoto mchanga mkononi, hakumtambua dada mara moja. Ni wengi mno waliopita mikononi mwake.

"Mimi ni mama yake Punje," dada akasema. "Yule wa kiti cha magurudumu. Sikukushukuru wakati ule, Sista. Sikuwa na nguvu ya kushukuru mtu. Leo ninayo."

Sista alimtazama Punje kuanzia viatu mpaka miwani. Akampa mwenzake yule mchanga, akashika mikono ya dada yote miwili.

"Wengi wakitoka hapa hatuwaoni tena," akasema. "Tunabaki tunajiuliza. Asante kwa kumleta nimwone."

Wakakaa wameshikana hivyo mpaka Sista akaitwa chumba cha pili. Dada aliiweka mikate juu ya meza ya manesi, akaifunika vizuri kwa taulo alilokuja nalo, na tukashuka ngazi huku Punje akitaka kujua wale watoto wote ndani ya vioo wanaitwa nani.